Mpini wa Mikono Miwili

Hasira bado ninazo, sema sijui nimkasirikie nani. Mke wangu aliniletea kibao cha pikoboli, ule mchezo unaofanana na tenisi, nikaona mpini mfupi.

"Huu mwiko? Nataka mrefu, nipige kwa mikono miwili!"

"Baba Asha, wewe unacheza na msuli. Mkono mmoja si unaushikilia usidondoke?"

Nani kamwomba ushauri? Nikaenda kubadilisha, nikifoka njia nzima.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Ruaruke kunitazama. Mpira ukanijia, nikakamata mpini kwa mikono miwili, nikatandika. Msuli chini! Nikabaki na bukta iliyotoboka makalioni. Mama mkwe akajifunika kanga usoni.

"Endelea tu, Baba Asha," mke wangu akasema. "Sasa huna cha kushikilia."