Mfalme wa Vifuniko vya Chupa

Juma lililopita nilikuwa nimeketi ofisini kwa mkuu wa shule moja hapa Ngezi, nikingoja cheti cha mpwa wangu, mama mmoja akaingia na binti yake. Hakuketi. Alimwaga mezani mfuko wa vifuniko vya chupa vilivyochorwa wafalme na askari kwa kalamu.

"Direktere, siye tulikimbia vita kule Djugu. Na weye unafundisha mutoto wangu vita?"

Vilikuwa vya kuchezea sataranji, katika klabu ya shule ya kila Jumatano. Mkuu alifungua kinywa, lakini binti alishamtangulia. Alipanga vifuniko vichache, akasukuma kimoja mpaka pembeni mwa meza, vingine vikakizingira.

"Mama, huyu iko mufalme. Hakuna mutu anamuua. Kama amekosa fasi ya kukimbilia, muchezo inaisha. Kisha tunapeana mukono."

Mama alikigusa kile kifuniko kwa kidole.

"Siye tulikosa fasi ya kukimbilia," alisema, "na hakuna mutu alisema muchezo imeisha."

Mkuu akajifanya anatafuta muhuri wa kile cheti changu. Mama akaokota vifuniko kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni, akampa binti.

"Jumatano, enda na mudogo yako."

Nilitoka bila cheti, maana muhuri kweli haukuonekana. Ila nina ombi kwa mkuu: afungue na darasa la watu wazima, bunduki ziachwe mlangoni, na binti yule ndiye awe mwalimu.