Muziki wa Msiba wa Mama

Kajetani, mwalimu wa kwaya, alichukua muziki wa Skolastika akauita wake mbele ya watu. Muziki wenyewe hauna maneno. Skolastika aliupata kwenye kinanda cha kanisa la kigango, wiki ile aliyotoka kumzika mama yake kijijini Mpitimbi. Kajetani aliusikia, akaushika, akaenda kuupiga mjini Songea kwenye sherehe ya kwaya, na mshereheshaji akatangaza kuwa umetungwa na Mwalimu Kajetani. Skolastika alikuwa benchi la pili, na sare yake. Alipomfuata nje kumuuliza, Kajetani alicheka.

"Mama, kutunga ni kuandika nota. Wewe umeandika wapi?"

Skolastika hakuandika popote. Shule hakuiona, kinanda alijifunza kwa sikio, siku za zamu yake ya kufagia kanisa.

Sasa kikundi kimoja cha wapiga ala mjini kilikuwa kinatafuta mpiga kinanda. Kiongozi wao, Osmund, alitaka kila mwombaji ajirekodi kwa simu: kipande kimoja, bila kuimba, bila kukatisha, mikono ionekane. Nafasi ilikuwa moja, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Skolastika alikuwa anakaribia hamsini, na maisha yake yote amelima mahindi ya watu. Nafasi nyingine asingeiona.

Simu ilikuwa ya Leticia, mwenzake wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Jirani na kanisa mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, maana mavuno yalikuwa yamefika. Walimwomba msagaji, akakubali kuizima kidogo akimaliza gunia lililokuwa kinywani mwa mashine. Ukimya wao ulikuwa huo tu.

Leticia alimshauri apige wimbo wa maandamano ya kuingia kanisani, mfupi, unaojulikana na kila mtu. Akipiga ule wa msiba, Osmund atasema amemwiga Kajetani. Halafu ni mrefu, mashine itawashwa akiwa katikati na kazi yote itaharibika.

"Chagua basi, dada. Gunia linakwisha."

Skolastika aliujaribu ule wa maandamano. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama mtu anayepukuchua mahindi huku anapiga soga. Akaondoa mikono. Mashine ikazimwa.

"Washa simu," alisema. Kisha akaikabili. "Naitwa Skolastika. Muziki huu nimeutunga mimi, kwenye msiba wa mama."

Leticia alimkata jicho, ila simu hakuishusha.

Akapiga. Alipofika pale muziki unapopoa, alisikia akina mama wenye madebe yao wakimsonga msagaji awashe, foleni ni ndefu. Alitamani kukimbiza mkono amalize, hakukimbiza. Aliuacha upoe kama unavyotakiwa, akaupandisha tena, akaufunga. Leticia alikuwa ndiyo kwanza anazima simu mashine iliponguruma.

Jumamosi Osmund alipiga simu. Alimwambia aje, nafasi ni yake.

"Kazi ya Kajetani umeipiga kuliko mwenyewe."

"Si ya Kajetani, kaka. Ni yangu."

Osmund akasema hayo wataongea akifika.

Nafasi ameipata. Kilichobaki ni deni la Kajetani: asimame mbele ya kwaya ile ile iliyompigia makofi, aseme muziki ule aliutoa kwa nani. Kila Jumapili anampita Skolastika mlangoni mwa kanisa, anamsalimia vizuri tu, na hajasema.