Baba Yangu katika Nchi ya Majoka

Baba yangu alikuwa na miguu miwili mizima ambayo ilikataa kwenda mahali pamoja tu duniani: Mwazye, kwa kaka yake.

Kanisani ilikwenda. Sokoni ilikwenda, na ikarudi na habari za mji mzima wa Sumbawanga. Kwenye msiba wa mtu asiyemjua hata jina ilifika kabla ya maturubai. Lakini ukimwambia, "Baba, baba mkubwa anaumwa, macho yanamwishia, twende tukamsalimie," hapo hapo goti la kushoto linaanza kumchoma na anaulizia mafuta ya kuchua. Mwaka ule salamu kutoka Mwazye zilikuja mara tatu, mikononi mwa wafanyabiashara wa ulezi, kila mara fupi zaidi. Ya kwanza ilikuwa na habari za shamba na wajukuu. Ya pili ilisema aje mapema. Ya tatu ilisema aje. Mimi niliogopa ya nne. Nilijua ya nne ikiwa ya msiba, lile goti litapona siku hiyo hiyo, na baba atalia kaburini mpaka watu wamshike, na hatajisamehe tena maisha yake yote.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa punje moja ya mahindi. Baba alikuwa mpimaji wa ushirika, enzi zile ushirika ulipokuwa ndio mnunuzi na hakuna mwingine. Alizunguka Ufipa yote kwa baiskeli, kutoka Kate hadi Mwazye, na mizani ikimfuata kwenye lori. Kabla ya kupima alikagua, na ukaguzi wake ulikuwa wa meno. Anachomoa punje katikati ya gunia, anaiweka kwenye gego, anaiuma. Ikilia ka!, imekauka, gunia linapita. Ikibonyea kimya, ni mbichi, rudi nayo kwako ukaianike. Watu walimwogopa kuliko bwana shamba.

Basi msimu mmoja pale Mwazye, kaka yake akaleta mkokoteni umejaa magunia. Kaka huyu ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, ndiye aliyeuza ndama ili mdogo wake akasome Kaengesa kwa mapadre. Baba akachomoa punje, akauma. Kimya. Akauma ya gunia la pili. Kimya. Kijiji kizima kimesimama kinatazama kama ataona haya. Akasema kwa sauti ya ofisini, "Mabichi. Rudisha." Baba mkubwa alicheka kwanza, alidhani ni utani wa ndugu. Kisha akageuza maksai wake mchana kweupe, watoto wakimfuata nyuma wakiimba, "Mabichi! Mabichi!"

"Nilitenda haki," baba alikuwa akisema, bila mtu kumuuliza.

Haki hiyo ilidumu msimu mmoja. Mwaka uliofuata soko huria likafika Ufipa, likiwa limepanda malori. Wanunuzi wakanunua mabichi, makavu, yenye wadudu na yenye mawe, yote kwa magunia ya lumbesa yaliyovimba mpaka yanahitaji kushonewa kofia. Hakuna aliyeuma kitu. Ushirika ukajifia, mizani ikaota kutu, na baba akapunguzwa kazi kwa barua ya mistari minne. Alichokitetea kilikuwa kimekufa, na kaka aliyeaibishwa kwa ajili yake alikuwa hai, anaangalia njia.

Soko huria hilo hilo ndilo lililotuletea kompyuta, miaka kadhaa baadaye. Siku hizo kila kitu kilikuja mtumba: suruali, friji, hata maneno. Mimi nilinunua kompyuta ya mtumba kutoka Tunduma, nikaiweka chumba cha mbele, nikaandika ukutani "Tunachapa barua, maombi ya kazi na kadi za harusi." Fundi aliyeiwasha alikuwa kijana mwenye big-jii mdomoni.

"Dada, mwenyewe wa zamani kaacha gemu moja kali humu. Niifute?"

Ningesema ifute, mambo mengi yasingetokea. Nikasema, "Iache kwanza."

Gemu lenyewe lilikuwa hivi. Wewe ni shujaa mwenye upanga, umepewa nchi nzima, na hakuna anayekuambia uelekee wapi. Kuna joka kubwa mlimani linalosubiri uliue, lakini halina haraka. Unaweza kwenda kushoto, kulia, ukalala, ukachuma maua, ukaingia pangoni. Mimi niliyezoea nchi ambayo ukitoka wilaya moja kwenda nyingine unaulizwa unafuata nini, niliona kama nimepewa urithi. Wiki ya kwanza nilichelewesha kadi za harusi mbili. Bibi harusi mmoja alikuja mwenyewe kuzifuata, mikono kiunoni, akanikuta nachuma uyoga wa sumu.

Na lilikuwa limejaa uchawi. Huko Dar ukisema unatoka Sumbawanga watu wanasogeza viti, wanataka uwahadithie radi zilizotumwa na wachawi. Sasa humo ndani mchawi anarusha moto mchana, katikati ya soko, na hakuna hata anayeitisha kikao cha kijiji. Nikasema, jamani, sisi tunasingiziwa tu.

Baba alianza kwa kukaa kwenye benchi la wateja. Siku tatu alitazama tu. Siku ya nne uzalendo ukamshinda.

"Huyo mtu wako ameingia nyumba ya watu bila hodi."

"Ndivyo lilivyo, Baba."

"Na amefungua sufuria! Amekula! Mwenye nyumba amesimama pale pale anamtazama!"

"Hawajali, Baba."

"Hawajali, au hawana akili?"

Kuanzia siku hiyo ilibidi shujaa wangu asimame mlangoni kwanza, baba aseme "Hodi" kwa sauti kubwa, tusubiri kidogo, ndipo tuingie. Wateja waliokuja kuchapa barua walikuwa wakiitikia "Karibu" wakidhani wanaambiwa wao.

Kisha akagundua kuwa gemu linapima uzito. Lo! Hapo nilimpoteza kabisa. Kila kitu humo kina uzito wake, upanga, jibini, kofia ya chuma, na shujaa akizidisha mzigo anagoma kutembea. Ila mzigo wenyewe ulikuwa wa kichekesho. Shujaa alibeba panga tisa, ngao nne na jibini arobaini, akakimbia kama swala. Ukimwongeza unyoya mmoja wa kuku, anaganda kama amepigwa msumari.

"Unyoya ndio umemshinda?" baba akauliza. "Mtu wa panga tisa?"

"Kiwango kimefika."

"Mzani huu mbovu. Tua kila kitu, tuanze upya."

Nikatua kila kitu. Tukapima jibini moja moja, baba akiandika nyuma ya fomu ya maombi ya kazi ya mtu. Joka lilikuwa mlimani linatusubiri, sisi tuko bondeni tunahakiki jibini. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu barua ya mistari minne.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni kutembea. Gemu lilikuwa na farasi, na lilikuwa na njia ya kubonyeza ramani ukajikuta umefika. Baba hakutaka kusikia. "Tembea." Upande wa kusini wa nchi ile palikuwa na nyanda za juu, majani matupu yanayolala kwa upepo, mti mmoja hapa na mwingine kule mbali. Kompyuta yangu ilikuwa kongwe, basi milima ilikuwa haionekani mpaka uikaribie, ikajitokeza polepole kwenye ukungu. Fundi alisema huo ni udhaifu wa mashine. Baba alisema hapana, huo ni ukungu wa Ufipa mwezi wa sita.

"Ukishuka hapo," alisema siku moja, kidole kimegusa kioo, "ni kama unaingia Mwazye."

"Goti haliumi, Baba?"

Akajifanya hakusikia. Nilikasirika, sitaficha. Mtu anatembea maili na maili kwenda kuwasalimia watu wasiokuwepo, na ndugu yake wa tumbo moja yupo anasubiri. Nikamwambia hivyo hivyo, maneno yakanitoka. Akanijibu kwa upole ulionitia hasira zaidi: "Hawa hawaniulizi kitu, mama."

Na ni kweli hawakuuliza. Katika kijiji cha huko nyandani palikuwa na mzee mmoja, amesimama mbele ya kinu cha kusagia, ndevu nyeupe, mikono nyuma. Kila ukimsogelea anasema kwa Kiingereza sentensi moja, nami namtafsiria baba: "Hewa ni njema, msafiri. Mavuno yatakuwa mazuri." Kesho ukija, ni hiyo hiyo. Ukija umejaa damu ya jini, mavuno yatakuwa mazuri. Mimi alinichosha siku ya pili. Baba alipiga kambi kwake. Kila siku lazima tumpitie yule mzee, baba aseme "Shikamoo," mzee aseme mavuno yatakuwa mazuri, baba atikise kichwa kwa kuridhika.

Mpaka siku aliyotaka kushika mausi mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, mvua zimekwisha, chumbani hakuna mteja. Nikamwonyesha: kitufe hiki cha kushoto cha upanga, hiki cha kulia cha kuongea. Akamsogelea mzee wake polepole, akasema shikamoo, akabonyeza. Kidole chake kilikuwa kinene cha mtu wa magunia, kikaangukia kushoto.

Upanga ukatua begani kwa mzee. Mzee akapiga yowe. Kijiji kizima kikatoka na majembe, mbwa wakabweka, askari wakaja mbio, na yule mzee akapiga magoti amejishika bega, anatutazama.

"Nimefanya nini?" baba akasema. "Nimefanya nini? Mwombe radhi!"

"Haiwezekani, Baba."

"Kwa nini haiwezekani? Una mdomo!"

Haki ya Mungu, nilitafuta. Palikuwa na kitufe cha kuruka, cha kuchutama, cha kuiba, cha kuchoma nyumba ya mtu. Waliotengeneza nchi nzima yenye milima na mito na aina kumi na moja za jibini hawakukumbuka kuweka cha kuomba radhi. Na baba alikuwa amesimama kabisa, anaangalia kioo, anasema, "Samahani, mzee. Samahani, mzee wangu," kwa Kiswahili, na baadaye kwa Kifipa.

Nikafanya lililowezekana. Nilikuwa nimelisevu gemu, yaani nimelihifadhi, kabla hatujaingia kijijini, basi nikarudisha pale. Kioo kikawa cheusi, kikawaka. Tukaingia kijijini upya. Mzee amesimama mbele ya kinu, mikono nyuma. Hewa ni njema, msafiri. Mavuno yatakuwa mazuri.

"Kidonda kiko wapi?" baba akauliza.

"Hakipo. Nimerudisha nyuma."

"Anajua nilichomfanyia?"

"Hajui."

"Hajui kabisa?"

"Kabisa, Baba. Kwake hakikutokea." Nilidhani nimempa habari njema.

Akamtazama yule mzee muda mrefu, mpaka mteja akaingia na kutoka. "Kwa hiyo hajanisamehe," akasema. Akachukua kofia yake, akaenda uani.

Siku mbili hakukaa kwenye benchi. Ya tatu alikuja amevaa koti lake la ushirika, linanuka mafuta ya kuchua, akaniuliza gari la Mwazye linaondoka saa ngapi. Sikumuuliza habari za goti. Nilifunga chumba siku hiyo hiyo, wa kadi za harusi wakanisubiri.

Tulipanda pikapu. Tulikuwa tunapita kwenye majani, upepo unatupiga usoni, akaniambia, "Akinifukuza, usiseme kitu."

Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye ngozi barazani. Nilikuwa sijamwona muda mrefu, na nilishtuka alivyokuwa amepungua. Macho yalikuwa na utando. Uani mama mkubwa na binti zake walikuwa wanamenya mahindi ya jana, lundo kubwa, maganda yametapakaa mpaka mlangoni. Baba akasimama hatua tano mbali.

"Hodi," akasema. Hapo ilikuwa hodi ya kweli.

Baba mkubwa akainua kichwa. Hakuitikia. Wanawake wakaacha kumenya.

"Shikamoo, kaka," baba akasema.

Sikuwa na kitu cha kusevu wala cha kurudisha. Baba mkubwa akanyoosha mkono upande, akapapasa, mama mkubwa akampa hindi moja lililomenywa. Akapukuchua kwa kidole gumba, punje tatu nne, akazinyoosha mbele yake kwenye kiganja.

"Mpimaji," akasema. "Kagua."

Baba akasogea. Akachukua punje moja, akaiweka kwenye gego, lile moja lililobaki. Akauma. Nilitega sikio, na nikaona baba mkubwa naye ameinamisha kichwa ametega lake. Punje haikulia.

"Makavu, kaka," baba akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola ya ushirika. "Yamekauka kabisa. Yapite yote."

"Mwongo mkubwa wewe," akasema baba mkubwa. "Yamevunwa jana." Akasogea kwenye ngozi, akapiga nafasi iliyobaki kando yake kwa kiganja. "Kaa hapa."