Risasi Zilizokataa Kukaa Pamoja

Katika bonde lile la Montana, mtu akilalamika kwamba bunduki yake imeota ukaidi, watu humwambia aende kwa Delmar. Delmar Hovland aliendesha greda la kaunti hadi akastaafu, akisawazisha barabara za vumbi kiangazi na kusukuma theluji wakati wa baridi, lakini hakuna aliyemkumbuka kwa barabara. Walimjua kwa risasi. Hakuwa mtu wa kununua risasi dukani. Alizijaza mwenyewe katika chumba cha chini ya nyumba, kama baba yake alivyozijaza kwenye meza ya jikoni, na majirani walikuja na pai za matunda ya mwituni kuomba wajaziwe na wao.

Fundi akisifiwa sana huota maringo, na Delmar aliyaota mapema. Ukimwendea atakukalisha kwenye kigoda na kukufundisha kama mtoto wa chekechea. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa hulitupi. Unalisafisha, unalibana lirudie umbo lake, unaikata shingo yake ilingane na za wenzake. Unaligandamizia kitakoni fataki mpya, kile kidonge kinachoiwasha baruti. Unapima baruti kwenye mizani mpaka chembe moja ikuudhi. Halafu unakalisha kichwa cha risasi, na hapo ndipo penye kazi, maana ukikizamisha zaidi kidogo tu, kiasi cha unene wa karatasi, bunduki ileile inakuwa ngeni kwako. Unakwenda uwanjani, unapiga tatu, unatazama zimeangukaje. Zikitawanyika, badilisha kitu kimoja. Anayebadilisha viwili kwa mpigo, alisema, hajui kilichomponya wala kilichomuua.

Alikuwa na sheria nyingine, na hii ilimpunguzia marafiki. Mtu hana haki ya kumpiga mnyama kwa umbali ambao hawezi kuweka risasi tatu ndani ya kiganja cha mkono. Alimwambia hivyo hata mchungaji wa Kilutheri, mbele ya waumini wenye sahani mkononi, na mchungaji hakuwinda mwaka ule.

Basi mwaka ninaousema, Delmar alishinda bahati nasibu ya kibali cha kumwinda kondoo dume wa mlimani, yule mwenye pembe zilizojiviringa. Alianza kukiomba kibali hicho kabla hajaota ndevu za maana. Wengi bondeni hukiomba hadi wanazikwa. Kibali ni cha mtu mmoja kwa msimu mmoja, hakirithiwi wala hakiazimwi, na ukishakipata usitegemee kingine. Kondoo wenyewe hukaa kwenye majabali, na mara nyingi mwindaji huwaona ng'ambo ya korongo, yadi mia tatu na ushei, asiweze kusogea zaidi. Hilo halikumsumbua Delmar. Kwa umbali huo bunduki yake ilikuwa haijamwaibisha hata siku moja.

Mwezi wa sita aliipeleka uwanjani kuikumbusha kazi, akapiga tatu, na kila moja ikaenda kwao.

Alicheka kwanza. Akausubiri mtutu upoe, akapiga tena, zikatawanyika vibaya zaidi. Akarudi nyumbani akafikiri kwamba ni baruti, kwa sababu alikuwa amefungua kopo jipya. Akapunguza kidogo. Jumanne risasi zikakaa pamoja kama mayai kwenye kiota, akamwambia mkewe, Ardis, atoe nyama ya kulungu mkubwa wa kwao kwenye friji washerehekee. Ijumaa, risasi za sanduku lilelile, zilizojazwa saa ileile, zikaenda kulia, zikaenda chini, moja ikaikosa karatasi kabisa. Delmar aliikaribia ile karatasi akaishika kwa mikono miwili, akaitazama na nyuma yake, kama kwamba tundu la tatu limejificha huko.

Tangu hapo hakuelewa tena kitu. Akabadilisha fataki. Akabadilisha vichwa vya risasi, vizito kwa vyepesi. Akavisogeza mbele, akavirudisha nyuma. Akayapasha yale maganda moto shingoni ili yalainike. Alipoona baruti inamwagika pembeni ya mizani, akalaumu upepo wa dirishani na kuliziba dirisha kwa blanketi katikati ya kiangazi, akakaa humo akitoka jasho. Ilifika siku akabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, yeye, Delmar Hovland, na hakuona aibu. Usiku aliota matundu.

Lyle Brekke, mwenye duka la bunduki mjini, alimkazia skrubu za darubini ya bunduki na kusema hazikuwa zimelegea. Akashauri aipige yeye mara tatu, waone. Delmar akamtazama kama aliyeombwa mswaki. Bunduki ya Delmar haipigwi na mtu mwingine, bonde zima linajua. Lyle akacheka, akasema mganga hajigangi, na Delmar akaondoka bila kuaga.

Mimi nawajua watu hawa, nimekaa nao miaka mingi, na nakwambia ni ugonjwa wao wote. Risasi ikienda kombo watalaumu baruti, watalaumu shaba, upepo, joto, kiwanda kilichotengeneza fataki. Nyani haoni kundule. Lakini nisimcheke sana, kwa sababu ya yaliyofuata.

Ardis ndiye aliyekuwa akikalisha vichwa vya risasi tangu walipooana. Delmar anapima, Ardis anakalisha. Na uwanjani ni yeye anayempa risasi mojamoja, ili mzee asiharakishe na mtutu ukapata moto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na masikio makubwa. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, milima imefunikwa na moshi wa moto wa misitu, alimpa Delmar risasi ya kwanza, ikalia. Akampa ya pili. Delmar akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua.

Haikulia. Palisikika tiki tu, na katika kile kimya wote wawili waliuona mtutu ukiruka kushoto, ukarudi, ukabaki unatikisika juu ya mfuko wa mchanga. Ardis alikuwa amempa ganda lisilo na baruti wala fataki, lenye kichwa tu. Ni hila ya zamani, na Delmar mwenyewe aliitumia kuwaumbua vijana wanaoshtuka kabla ya mlio. Bunduki inapolia, teke lake huficha kila kosa. Isipolia, huna pa kujificha.

Delmar aliutoa mkono wa kulia kwenye bunduki akauweka mezani. Kidole cha shahada kiliendelea kucheza peke yake.

"Nipe nyingine," alisema.

"Nzima au mfu?"

"Usiniambie."

Akampa mfu. Mtutu ukaruka tena, vilevile, kushoto.

 Delmar akamuuliza mkewe, bila kugeuka, alikuwa amejua tangu lini.

"Tangu Pasaka. Vifungo vya shati vinakushinda, unanung'unika kwamba vitundu ni vidogo."

"Na ukaniacha nichome baruti kiangazi kizima kama mwehu? Ardis, nimeziba dirisha na blanketi!"

"Nilikuwa naomba iwe baruti," Ardis alisema. "Kila ulipobadilisha kitu nilisema moyoni, Mungu, iwe hicho."

Delmar alijipangusa uso kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa umetulia. Alikasirika, nami simlaumu, lakini hakuwa na wa kumkasirikia. Mwishowe akamwambia asogeze karatasi, kwa sababu sheria ni sheria, na alitaka kujua kiganja chake kimebaki umbali gani.

Ardis akaenda akaing'oa karatasi pale mbali akaja nayo hadi yadi mia mbili. Delmar akapiga tatu, zikatawanyika. Akaja nayo mia moja, zikatawanyika. Kila mara alitembea kuelekea kwa mumewe na karatasi nyeupe kifuani, na kila mara Delmar alitikisa kichwa na kumwashiria kwa mkono aendelee kuja. Alipokuwa karibu kiasi cha kumwona kope, Delmar akasema hapo. Risasi tatu zikaingia ndani ya kiganja. Ulikuwa umbali wa kurusha jiwe. Hakuna kondoo wa mlimani anayemwacha mwanadamu afike pale.

Walipanda mlimani hata hivyo. Mwezi wa tisa walikaa majabalini siku nyingi, hema dogo na maharage ya kopo, Delmar akitambaa kwa tumbo kama kijana na kondoo wakimwacha kila mara. Asubuhi ya mwisho, wamekwisha kufunga mizigo, dume lilitoka ng'ambo ya korongo likasimama ubavu, pembe zimezunguka hadi machoni, halina habari nao. Yadi mia tatu, hazizidi. Delmar alikuwa amelala juu ya mkoba, bunduki begani, na darubini ikicheza.

Ardis, aliyemtega kwa lile ganda bovu, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Piga, mzee wangu," alinong'ona. "Hakuna atakayejua."

Delmar alilitazama lile dume kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mnyama yeyote.

"Mbali," alisema, akafungua bunduki na kumrudishia mkewe ile risasi.