Kidevu cha Kaka na Wembe wa Shangazi

Kidevu cha kaka yangu kilikuwa na vipele hadi nzi akitaka kutua alikuwa anazunguka kwanza, anatafuta sehemu ya tambarare. Kaka ni mlinzi Bunda. Kila asubuhi kiongozi wao wa zamu anawapanga mstari na kuwapapasa mashavu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Ukikutwa na ndevu unarudi nyumbani. Basi kaka alikuwa ananyoaga kila siku, wembe na maji ya baridi, haraka haraka. Na ndevu za ukoo wetu ni za kujikunja. Ukizikata zinarudi ndani ya ngozi, zinachimba kama wale jamaa wa Buhemba, ila hizi hazitoi dhahabu, zinatoa usaha.

Mimi nilikuwa nachekaga tu. Nilimwambia kisiwa cha Rukuba kimehamia usoni kwake, wavuvi watafute pa kuegesha.

"Cheka, dogo," aliniambia. "Angalia shingo ya baba, halafu ujiangalie."

Shingo ya baba, kwa nyuma, ina matuta magumu. Yalianza kama vipele hivyo hivyo, hayakuondoka tena. Baba anavaa shati la kola hata akienda kukamua ng'ombe. Na mimi, kidato cha tatu, nilikuwa nimeshaanza kuota vinywele chini ya kidevu. Nilipojiangalia kwenye kioo siku hiyo, kicheko kilipungua kidogo.

Halafu kaka akasikia kuna dada kafungua chumba cha leza Musoma mjini, ghorofani, juu ya duka la nyavu. Mlinzi mzima mwenye rungu, aliogopa kwenda peke yake, akanipitia nyumbani nimsindikize. Tulivalishwa miwani myeusi, kaka akalazwa kitandani. Mashine ilikuwa inalia tik, tik, na kila ikilia chumba kinanuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Dada alieleza vizuri tu. Siyo kila mashine inafaa ngozi nyeusi, nyingine zinaunguza, hii yake inapita kwenye ngozi na kufuata mzizi wa unywele. Nywele zikififia, hakuna cha kujikunja, vipele vinakauka vyenyewe. Itabidi arudi mara kadhaa, aache wiki za kutosha katikati. Nikamuuliza kama inaweza kufifisha na mwalimu wa nidhamu. Hakucheka. Akamwambia kaka, "Tukimaliza, wembe hautakuwa na kazi kwenye kidevu hiki."

Kaka alitabasamu na miwani yake. Mimi nilikuwa nimeshaandaa utani mwingine, ukanikwama, maana nilimkumbuka babu.

Babu alikuwa amelala Butiama, mgonjwa, hali uji wala hataki maziwa. Kaka ndiye aliyepewa jina lake. Ndiyo maana bibi anamwitaga kaka "mume wangu", na mimi, kwa sababu ni mdogo wake, "shemeji". Kwetu, siku ya kuondoa msiba watu wote wananyolewa, na wembe wa kwanza unapita kwenye kidevu cha mwenye jina. Ndevu zake zinaangukia kwenye kata yenye maji. Hapo ndipo wengine wananyolewa, mjane ananyanyuka kwenye mkeka, na mwenye jina anakalishwa kwenye kigoda cha marehemu. Kaka alikuwa anakitaja kile kigoda tangu tukiwa wadogo. Tukigombana alikuwa ananiambia siku moja nitamsalimia nimeinama.

Tukiwa kwenye ngazi nikamuuliza, "Braza, na siku ya babu je?"

Akasimama. Chini yetu mtu alikuwa anapima nyavu, anahesabu kwa sauti.

"Babu hafi leo," akasema, akaendelea kushuka.

Ikawa hivyo. Kila kaka akitoka ghorofani kidevu kimesafika zaidi, na kila simu ikitoka Butiama babu amepungua zaidi. Mimi nilikuwa katikati, naona vyote viwili vinaelekea kuisha, sijui kipi kitatangulia.

Likizo tulikwenda kumwona. Bibi akampapasa kaka shavu mlangoni, akasema mume wake amekuwa laini kama sato aliyeparuliwa magamba. Tukacheka wote. Babu, ambaye macho yalikuwa yamekwisha, akauliza kutoka chumbani tunacheka nini. Kaka akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa babu ulitoka kwenye blanketi, ukashika paji la uso, pua, ukashuka kidevuni. Ukabaki pale unatafuta.

"Huyu ni nani?" babu akauliza.

"Ni wewe," bibi akamjibu, kama anavyojibuga siku zote.

Babu akarudisha mkono ndani ya blanketi, akageukia ukutani.

Baada ya hapo kaka hakurudi kwenye leza. Alingoja ndevu ziote. Alijipaka mafuta ya nazi, akajipaka kitunguu, kazini wakaanza kumkwepa. Zikaota chache pembeni, laini kama za mtoto, nazo zikadondoka. Akampigia dada wa mashine kumuuliza kama zinaweza kurudishwa. Dada akasema hajawahi kuulizwa swali hilo.

Babu akafa.

Siku ya kunyoa boma zima lilikuwa uani. Shangazi, mkubwa wa dada zake baba, ndiye mwenye wembe. Alifungua mpya, akamkalisha kaka chini, bibi yuko kwenye mkeka wake, na kigoda kiko tayari kando. Wembe ukapita kidevuni. Ile sauti ya kukwaruza haikutoka. Ukapita tayani, ukashuka kooni. Shangazi akauchovya kwenye kata, na maji yakabaki meupe. Akamtazama bibi.

Mzee mmoja akauliza, taratibu tu, mwanamume mzima ndevu zake kazipeleka wapi. Huku kwetu unywele wa mtu ukipotea, kinachofuata ni kuuliza nani anao.

Kaka akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Kwamba kuna chumba Musoma. Kwamba mwanamke aliyevaa miwani myeusi alizichoma kwa taa. Kwamba alilala mwenyewe kitandani, kwa hiari yake, na kulipa. Nilitaka kucheka, nakiri, lakini watu waliokuwa karibu naye walikuwa wanasogeza miguu. Baba alikuwa ameangalia chini, kola imefungwa hadi juu.

Kaka akasema wachukue nywele za kichwani. Shangazi akamjibu za kichwani ni za kila mtu.

Halafu bibi, bila kunyanyuka, akasema, "Na yule?"

Nikageuka nyuma kuangalia ni yupi. Hakukuwa na mtu nyuma yangu.

"Bibi, mimi ni shemeji," nikasema. Utani huo ulikuwa haujawahi kukosa kumchekesha. Siku hiyo hakucheka.

Shangazi akanishika taya. Wembe ulikuwa wa baridi, na safari hii ulikwaruza. Vinywele vyangu vya aibu, ambavyo darasani wananitania navyo, vikaelea kwenye yale maji. Watu wakashusha pumzi. Nikakalishwa kwenye kigoda, magoti yamenifika kifuani, na kaka akawa wa kwanza kuja kunisalimia. Aliinama. Kidevu chake kilikuwa safi kabisa, hakuna hata kipele kimoja. Kilipendeza.

"Karibu, mume wangu," bibi akaniambia.

Shule ilipofunguliwa nilianza kusikia muwasho chini ya taya. Kioo cha nyumbani kikanionyesha kipele, pembeni yake kingine. Nikaazima simu, nikampigia kaka Bunda kumwomba namba ya yule dada.

"Bibi naye ni mzee, dogo," akasema. "Siku yake ikifika, wembe unaanzia kwa mwenye kigoda, yaani wewe. Usiende."

Yeye Butiama haendi tena. Mimi naenda kila likizo. Bibi ananipokea mlangoni, anaweka vidole kidevuni kwangu, anavipitisha polepole juu ya vipele kama mtu anayesoma.

"Zinaota, mume wangu?"

"Zinaota, bibi."

Anatikisa kichwa, ameridhika, anashikilia mkono wangu tuingie ndani. Kila likizo mkono wake umekuwa mwepesi zaidi.