Mlio wa Gari na Neno Langu Moja

Kila nilipokanyaga mafuta, gari lilijibu: ko! Mara moja tu, chini ya miguu yangu, kisha likaondoka kama kawaida. Nikipunguza mwendo, kimya. Nikikanyaga tena, ko! Asubuhi nilipoingia uwanja wa shule wanafunzi walikuwa wamepanga mistari, na wale wa nyuma wakaanza kuliitikia gari. Mimi ndiye mkuu wa shule hiyo, mama perefe kama tunavyosema Goma, na hakuna perefe anayependa kuchekwa na darasa la tatu kabla hata bendera haijapanda.

Wasiwasi sikuwa nao, maana nilikuwa na fundi wangu. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Rutshuru, mwembamba, mwenye koti la bluu lililofifia, na kazi yake aliifanyia kwenye uwanja mmoja upande wa Katindo pamoja na mafundi wengine wanne. Alikuwa amelitengeneza gari langu miaka tisa. Nilimwita papa, ingawa hakunizidi umri kwa mengi. Walimu wangu wanne nao walimpelekea magari yao kwa sababu mimi niliwaambia.

Aliniweka kwenye usukani, boneti ikiwa wazi, akaniambia nishike breki kwa nguvu, nitie gia ya mbele, halafu ya nyuma. Kila nilipobadilisha, injini iliruka.

"Unaona, mama? Moteri inaruka. Kauchu ilipasuka."

Kauchu ni ule mpira mnene unaoishikilia injini isicheze. Alitafuta mwingine, uliopita mpaka wa Bunagana pamoja na vipuri vingine vya mitumba, akaufunga siku hiyohiyo. Nilirudi shuleni bila mlio. Darasa la tatu walisikitika waziwazi.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikwenda msibani Katoyi. Njia niliyopita ni mawe ya volkano matupu, na jiwe moja lilikwaruza tumbo la gari hadi nikauma meno. Jumamosi nikapita kwa mtu wa kuchomelea vyuma karibu na nyumbani, akanifungia bati nene chini ya injini. Magari mengi ya Goma yamevaa hivyo, la sivyo mawe yanayamaliza. Fundi wangu sikumwambia. Niliona ni jambo dogo, la bati na boliti nne.

Jumatatu, nikitoka langoni, nilikanyaga mafuta. Ko! Safari hii mlio ulikuwa mkavu, wa chuma kwa chuma.

Bati sikulifikiria hata kidogo. Nilifikiria mpira. Mjini kwetu kila mwenye gari ana kisa cha fundi aliyetoa kipuri kizima akarudisha kibovu, na mimi nilikuwa nimevisikia vyote na kuvicheka, nikisema wangu hayumo. Sasa nilivikumbuka kimoja kimoja. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na njia nzima hadi Katindo nilikuwa nikijenga kesi. Nilipofika uwanjani nilikuwa nimeshahukumu.

Ilikuwa saa nne. Fundi wangu alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja, bwana mmoja wa ofisini mwenye tai, aliyesimama pembeni akitazama saa yake.

"Papa, toka!" nilisema. "Ile kauchu ulitia ni gani? Ile nzuri uliipeleka wapi?"

Alijivuta polepole, akasimama, akajifuta mikono kwenye kitambaa. "Mama, tuangalie kwanza. Inaweza kuwa na sababu ingine."

"Sababu gani? Miaka tisa niko nakuachia gari, siku moja sikukuuliza kitu. Kumbe!" Hapo hasira ikanitangulia. "Ninyi, ni vile muko!"

Mimi nafundisha lugha. Umoja na wingi nimeviandika ubaoni zaidi ya miaka ishirini. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mmoja, na nilimsemesha kwa wingi: ninyi, ndivyo mlivyo. Goma, na hasa miaka hii ya vita, wingi huo hauhitaji kufafanuliwa: ni wale wanaozungumza Kinyarwanda, wale wanaoulizwa kila kukicha walitoka wapi, hata kama babu zao wamezikwa Rutshuru. Yeye ni mmoja wao; mimi ni wa Butembo. Na ni mimi ninayesimama mbele ya bendera kila asubuhi kuwaambia watoto kwamba shuleni kwetu hatuna kabila.

Nyundo zilinyamaza uwanja mzima. Yeye aliniangalia tu, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa swali.

"Ninyi ba nani, mama?" aliuliza. "Hapa niko peke yangu."

Nilimtupia ufunguo, ukaanguka maweni, akainama akauokota.

Alianza upya, kama siku ile ya kwanza. Breki, gia ya mbele, gia ya nyuma. Injini haikuruka. Akatandika katoni, akaingia chini ya gari. "Kanyaga kidogo," akasema. Ko! "Tena." Ko! Halafu akaniita niiname nione. Juu ya bati langu palikuwa na alama inayong'aa, ndogo kama ukucha, rangi imeondoka; na juu yake, kwenye tumbo la injini, palikuwa na alama nyingine sawasawa.

"Hii tole ilifungwa wapi?" aliuliza. Tole ndilo bati.

Nilimwambia. Hakunicheka, ingawa angekuwa na haki. Alinieleza kwamba injini, hata ikiwa na mpira mzima, huinama kidogo gari linapovuta, na bati langu halikuiachia hata nafasi ya kidole. Alilifungua, akalipiga nyundo mpaka likabonyea katikati, akatia vyuma vidogo vya duara kwenye boliti ili lishuke. Kazi ya nusu saa. Nilipokanyaga mafuta, gari liliondoka kimya.

"Aksanti, papa," nilisema, na sauti ilitoka ndogo. Basi. Wako watu wanaojua kuomba radhi palepale. Mimi nilifunga mlango wa gari.

Kabla sijaondoka, yule bwana wa tai alikuja dirishani akitabasamu. "Mama, ulisema kweli," alinong'ona. "Sisi tunaogopa tu kusema." Alikuwa ameliona bati kwa macho yake, amesikia nani alilifungisha, na bado neno langu lilimfaa kuliko bati. Nilitamani kumwambia afunge mdomo. Nilipandisha kioo.

Neno lilifika shuleni kabla yangu, au karibu. Kufikia Alhamisi walimu wawili walikuwa wamehamishia magari yao kwa fundi mwingine. Hakuna aliyeuliza mlio ulikuwa wa nini. Walisema, "Hata mama perefe alimusema," na kwao hiyo ilitosha. Fundi wa uwanjani hana duka wala kibao. Ana jina lake tu, na watu humfuata kwa jina hilo. Nilikuwa nimelichukua mbele ya wateja, saa nne asubuhi, kwa sababu ya bati. Niliona aibu hadi nikawa nakwepa kupita Katindo. Nilizungukia njia ndefu siku nne nzima, mtu mzima mimi.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda. Nilichagua saa nne tena, ili watu wawepo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, sehemu mbili: kwanza bati, halafu lile neno.

"Munisikilize wote," nilisema katikati ya uwanja. "Wiki ilipita nilimusema huyu papa vibaya. Hakubadirisha kitu. Tole ni miye niliifungisha, sikumwambia. Ni miye nilikosa."

Mafundi wenzake walitikisa vichwa, mmoja akapiga makofi. Yeye alibaki amesimama na spana mkononi, akisubiri. Nilimwona akisubiri. Kila mtu pale alijua hotuba ilikuwa na sehemu ya pili. Lakini kuisema kulinitaka nitamke kwa mdomo wangu ni akina nani niliowakusudia, na kwamba niliwakusudia kweli, kwamba lile neno halikuanguka kutoka hewani bali lilikuwa ndani yangu, limekaa, miaka yote tisa niliyomwita papa.

"Ni ile tu, mama?" aliuliza.

"Ni ile tu, papa."

"Aya. Haina neno."

Walimu wangu walirudi kwake mmoja mmoja, maana niliwaeleza habari ya bati hadi wakanichoka. Kazi anayo. Nami bado nampelekea gari langu, na analitengeneza vizuri kama zamani. Ila uwanjani pale kuna wateja wanaoacha ufunguo na kwenda zao, na kuna wale wasiomwamini fundi, wanaokaa kwenye kigoda kulinda gari lao lisiibwe kitu. Sasa nikifika, kabla hajagusa boneti, anakwenda mwenyewe kukichukua kigoda, anakipangusa kwa kitambaa chake, anakiweka mahali ninapoweza kuiona mikono yake.

"Ikala, mama. Uangalie."

Mara ya kwanza nilimwambia nina darasa, nimechelewa, sina haja ya kuangalia. Akasema atanisubiri, hata kesho. Hatalifungua gari nikiwa sipo. Kwa hiyo ninakaa. Wateja wengine wananipita, wanaona. Akimaliza, anatia kila kipuri cha zamani kwenye mfuko na kunikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima yote, na mimi naupokea.