Bwana Shamba, Kobe wa Kaka Filibati

Enzi zetu hakuna mzazi aliyemnunulia mtoto kitu cha kuchezea. Sisi wa Murukulazo tulijitafutia wenyewe. Panzi tulimfunga uzi, kinyonga tulimwogopa huku tukimfuata, na siku zisizo na shule tulicheza rede kwa mpira wa majani makavu ya mgomba mpaka mama aite kwa ile sauti ambayo baada yake hufuata fimbo. Nikiwaeleza wajukuu zangu habari ya mpira huo wananitazama kama ninawadanganya. Mtoto wa siku hizi chaji ya simu ikiisha anakaa kama mgonjwa.

Nyumbani kwetu tulikuwa na kobe. Kaka yangu Filibati, kifungua mimba wa mama, alimwokota mlimani akichunga mbuzi, akamwita Bwana Shamba, kwa kuwa alizunguka kwenye maharage siku nzima akikagua na wala hakushika jembe. Baba alilicheka jina hilo mpaka akapaliwa na pombe yake ya rubisi. Ilipokuja Operesheni Vijiji, tukaambiwa tushuke tukajipange mistari kando ya barabara, kila mtu alibeba alichokipenda. Mama alibeba chungu chake. Kaka alibeba kobe ndani ya kapu, na watu wakamcheka njia nzima.

Kaka alikuwa mtu wa kutazama. Alikuwa ameona kobe wa porini wakiota jua asubuhi kabla ya kula, wakiguguna makombe ya konokono na mifupa mikavu. Basi akamjengea Bwana Shamba uzio wa fito upande unaopigwa na jua mapema, na kona moja akaacha kivuli cha mgomba. Alimpa majani ya maboga, mchunga, papai bivu mara chache, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Maji alimwekea kwenye kifuniko cha sufuria ili asizame, na Bwana Shamba aliingia humo mzimamzima bila aibu. Gamba lake lilikuwa gumu kwelikweli.

Halafu redio ya mwenyekiti wa kijiji ikasema adui amevuka mpaka, na vijana wa mgambo wakaitwa. Asubuhi ya kuondoka, kaka alinishika mkono mpaka kwenye uzio. Nilikuwa darasa la tatu.

"Tereza, asubuhi jua, mchana kivuli. Ukisahau maji nitakusamehe, jua usisahau. Na asiingizwe jikoni."

Mama alikuwa barabarani analia, hakuyasikia hayo.

Kwetu mtu akisafiri, fungu lake hupakuliwa kila mnapokula, ili njia isimsahau. Baadaye watoto hulila, nasi tulilisubiri kwa macho yote. Safari hii mama alikataa. Alisema chakula cha Filibati kitaliwa na kitu cha Filibati. Mvua zilipoanza akaogopa kobe asije akashikwa na baridi au akaibwa, akamwingiza jikoni ndani ya sanduku la mbao, karibu na mafiga. Akawa anamlisha kwa mkono wake: ugali wa muhogo, maharage, maziwa yakipatikana. "Kula, mwanangu," alimwambia, na sisi wenyewe tulikuwa hatujaitwa hivyo siku nyingi.

Nilisema. Nilimwambia, "Mama, kaka alisema aote jua."

"Kaka yako analala kwenye matope huko, na wewe unataka kobe wake naye anyeshewe?"

Mtoto wa enzi zile hakurudia neno. Baba naye alijaribu, akaambiwa ale ugali wake.

Bwana Shamba alivimba macho. Miguu ikakosa nguvu, akawa anajiburuta kwa tumbo, na gamba nikilibonyeza kwa kidole likawa linabonyea kama boga lililochemshwa. Mama alimwona anadhoofika, akaongeza maziwa. Mpaka leo kinachonichoma ni hilo la maziwa, kwa sababu sisi tulikuwa tunakunywa uji mtupu.

Kobe alipokufa, mama hakupiga yowe. Alimzika nyuma ya jiko, akaosha sahani ya kaka, akaifungia kwenye sanduku la nguo. Jioni hiyo hakumpakulia mtu aliye mbali. Baba alimtazama, akainamisha kichwa, akala. Hapakuja barua wala mjumbe, lakini nyumba nzima ilielewa kwamba mama ameshaipata habari ya kaka kwa huyo kobe. Niliogopa kuliko siku yoyote ya vita.

Na kaka alirudi.

Lori la jeshi lilimshusha Jumapili mchana, sisi tuko katikati ya chakula. Amekonda, shavu lina kovu, lakini ni yeye. Alimsalimia baba, "Shikamoo," akamkumbatia mama, akakaa, akanawa mikono, akasubiri. Sufuria ilikuwa tupu.

"Fungu langu liko wapi?" aliuliza akitabasamu.

Mama aliziba uso kwa kanga.

"Kumbe mmeshanizika," kaka akasema.

Aliinuka akaenda kwenye uzio. Nyasi zilikuwa zimeota kote. Nikamfuata, naye akaniuliza bila kugeuka, "Alikuwa anakula nini?"

"Fungu lako, kaka."

Aliweka mikono kichwani, akasimama hivyo mpaka nikaondoka. Kabla ya mavuno alihamia Nyabusozi, upande wa Biharamulo, akaoa hukohuko. Mama alimtumia salamu kwa kila mtu aliyekwenda mnadani, na kila Jumapili alimpakulia upya. Kaka alikuja siku tulipomzika mama.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kobe wa Ulaya. Ana taa yake ya kuotea joto, majani yake yananyunyiziwa unga wa chokaa, ana hata daktari. Yote aliyoyaona kaka mlimani, mtoto huyu ameyapata kwa kidole kimoja. Nikamuuliza ni lini baba yake atarudi kutoka safari ya Rusumo. Hakujua. Nikamuuliza kama wamembakizia chakula. Akacheka, akasema, "Bibi, si atakula hotelini?" Enzi zetu tulijua kumpakulia asiyekuwepo, tukamuua kobe. Hawa wanajua kumtunza kobe. Nilikwenda jikoni, nikapakua sahani moja ya ziada, nikaifunika, na hakuna aliyeniuliza ni ya nani.